Vijiko Vitatu vya Bibi Minza

Nyumbani kwa Bibi Minza, hakuna mtu aliyeanza safari bila kulishwa vijiko vitatu vya uji wa mtama.

Ukienda mjini Tabora, vijiko vitatu. Ukienda msibani kijiji cha pili, vijiko vitatu. Hata mwenyekiti wa kijiji alipopita kuaga siku moja, hakupona.

"Bibi, mimi nafika hapo Kaliua tu," alijitetea mwenyekiti.

"Kaliua ni mbali kwa mwenye njaa. Fungua kinywa."

Mwenyekiti alifungua kinywa.

Kijiko chenyewe kilikuwa kidogo, cha chuma, chenye mpini uliopinda. Bibi Minza alikirithi kwa mama yake, pamoja na habari yake. Babu wa mama yake alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo kutoka Unyanyembe hadi pwani, kwa miguu, miezi mitatu kwenda na miezi mitatu kurudi. Mwaka mmoja mdogo wake aligombana na watu wa nyumbani, akaondoka na msafara bila kula. Akaanguka katika pori la Mgunda Mkali, wala hakurudi tena. Tangu hapo wanawake wa ukoo ule hawakufanya mchezo na safari ya mtu.

Asubuhi moja mwanawe, Jilala, alikuwa anakwenda porini kurina asali.

"Mama, nina miaka thelathini na minne," alisema Jilala.

"Na mimi nina kijiko. Fungua."

Mkewe Jilala, Theodora, alicheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa na mimba ya miezi saba.

Jilala alirudi baada ya siku nne na madumu mawili ya asali. Begani alikuwa na sungura aliyenasa kwenye mtego. Bibi Minza alimpika sungura yule kwa karanga. Theodora alikula, akaomba nyama tena, akaongezewa. Ilikuwa jioni njema, na hakuna aliyeikumbuka tena mpaka siku ya kujifungua.

Siku hiyo Theodora alijifungua salama kwenye zahanati ya kijiji. Mtoto alikuwa wa kiume, akalia kwa nguvu. Muuguzi Mwanahawa alimfunga kwenye kitenge, akampa Bibi Minza.

Bibi alifunua kitenge kwa furaha. Kisha furaha ikamkauka usoni.

Mdomo wa juu wa mtoto ulikuwa umeachana mahali pawili, kulia na kushoto, hadi kwenye pua. Kipande cha katikati kilikuwa kimechomoza mbele peke yake. Mtoto alipopiga ukelele, Bibi aliona mpaka ndani. Paa la kinywa, lile tunaloliita kaakaa, nalo lilikuwa wazi.

"Usiogope, Bibi," alisema Mwanahawa. "Hali hii naifahamu. Inatengenezwa. Wiki ijayo mleteni nimpime uzito, nami nitawaeleza kila kitu."

Lakini Bibi Minza hakuwa akisikia. Alikuwa anamkumbuka sungura, maana wazee walisema mjamzito akila sungura, mtoto huzaliwa na mdomo uliopasuka kama wa mnyama huyo. Nani alimpika? Ni yeye. Nani alimwongezea Theodora nyama? Ni yeye huyo huyo.

Mtoto aliitwa Kashindye. Wiki iliyofuata hakupelekwa kliniki. Wiki ya pili hakupelekwa. Majirani waliokuja kumwona waliambiwa ana mafua. Alifunikwa khanga mbili, na mlango wa chumba ukafungwa.

Ndani ya chumba kile mambo hayakuwa mazuri. Kashindye alitaka kunyonya, lakini kinywa chake hakikuweza kuvuta maziwa. Kidogo alichopata kilitokea puani, akapaliwa, akalia, akachoka, akalala na njaa. Theodora alilia naye. Bibi alimlambisha maji ya asali, maana katika nchi ile asali ni dawa ya kila kitu. Hata hivyo mtoto alizidi kukonda. Jilala alikwenda porini akang'oa mitego yake yote, akarudi, akakaa nje ya nyumba.

Siku ya ishirini na moja pikipiki ilisimama uani.

"Hodi kwa wapagazi!" sauti ya mwanamke iliita.

Bibi Minza aliitambua mara moja. Mwanahawa alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa Kisarawe. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa yake. Neno ambalo likisemwa na mwingine huleta ugomvi, mtani hulisema, na watu wakacheka.

"Kama ni Mzaramo, rudi ulikotoka," Bibi alijibu kutoka ndani. "Tumeshakula, na sufuria tumeosha."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sasa nenda."

"Siendi. Nimekuja kumchukua mtu wangu. Nimesikia mmemfungia kama mahindi ya mbegu."

Siku nyingine Bibi angecheka. Siku hiyo alifungua mlango, akaanza kulia. Mwanahawa akaacha utani. Aliingia, akaketi kando ya Theodora, akampakata Kashindye. Alimtazama kwa muda mrefu, tena kwa upendo, kama anavyotazamwa mtoto yeyote.

"Ana macho ya baba yake," alisema.

Theodora alimwangalia muuguzi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kusema habari ya macho ya mtoto wake.

"Ni mimi niliyemharibu," alisema Bibi Minza. "Nilipika sungura. Mama yake akala."

"Si wewe, Mama," Jilala alisema mlangoni. "Ni mimi niliyemnasa."

"Sungura huyo mlimla lini?" aliuliza Mwanahawa.

"Mimba ikiwa na miezi saba," alijibu Theodora.

"Basi sikilizeni. Mdomo na kaakaa la mtoto huungana mimba ikiwa bado changa, kabla haijatimiza miezi mitatu. Wakati mwingine pande hazikutani, ndipo panabaki wazi. Huyo sungura wenu alikuja miezi minne baadaye. Alichelewa! Msimsingizie marehemu."

Jilala alicheka kidogo, na macho yakamlenga machozi. Wiki tatu nzima alikuwa amejiona mwenye hatia.

"Sasa sababu ni nini?" aliuliza.

"Mara nyingi hatujui. Wakati mwingine hali hii hupita katika ukoo. Wakati mwingine mama alikosa vitamini, au alivuta sigara au kunywa pombe. Ndiyo maana tunataka mama aanze kliniki mapema, apewe vidonge vya foliki. Lakini wako akina mama waliofanya yote sawasawa, na bado ikatokea. Si laana, si uchawi, wala si kosa la Theodora. Na wala si kosa la mpishi."

Kisha akauliza mtoto anakula nini. Aliposikia habari ya asali, alishika kichwa.

"Bibi! Asali ni tamu, lakini mtoto hapewi kabla ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Huyu anataka maziwa ya mama yake, hakuna kingine."

"Anatamani, lakini hawezi kunyonya," alisema Theodora.

"Kunyonya hawezi, kumeza anaweza. Nipeni kikombe safi na kijiko kidogo, vilivyochemshwa."

Bibi Minza alikwenda jikoni. Kijiko kidogo kilikuwa kimoja tu nyumbani. Alikichemsha, akaja nacho, kimepinda mpini vilevile.

Mwanahawa alimwonyesha Theodora namna ya kukamua maziwa kwa mkono. Kisha akamketisha Kashindye wima pajani, kichwa juu, akamshikilia shingo.

"Msimlaze anapokula. Akilala, maziwa yanakwenda puani. Chota kidogo. Weka pembeni, ndani ya shavu. Ngoja ameze. Akipumzika, nawe pumzika. Kidogo kikitoka puani, futa tu, usishtuke. Akimaliza, mweke begani acheue. Kisha rudia baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana."

Kashindye alimeza. Akameza tena. Alimeza vijiko kumi na viwili, akalala amefumba ngumi, ameshiba kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Bibi Minza alinyoosha mkono. "Nipe hicho kijiko, Mzaramo. Kazi ya kijiko katika nyumba hii ni yangu."

"Nakupa. Lakini mtoto ni wangu, nimemteka kwa utani," alisema Mwanahawa. "Kila wiki mnaniletea nimpime. Akifika kilo zake, ana afya na damu ya kutosha, tutampeleka Tabora. Huko huja madaktari bingwa wa kushona midomo, na hawatozi kitu."

"Unataka wamchane mtoto ambaye tayari amechanika?"

"Nataka wamuunganishe. Kwanza mdomo. Baadaye kaakaa, akikaribia mwaka mmoja na nusu, kabla maneno hayajaharibikia kinywani."

Basi Bibi Minza akaanza kazi. Theodora alikamua, Bibi alilisha. Kashindye alikaa wima pajani pake, akimtazama machoni.

"Kunywa, mume wangu," Bibi alimwambia. Huko kwao bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume. "Mume gani anashindwa na kijiko cha mkewe?"

Uzito ulipanda pole pole. Wiki nyingine ulipanda, wiki nyingine ulikataa kutokana na homa. Alipofika miezi sita alianzishwa uji laini pamoja na maziwa ya mama. Mwanahawa aliwaambia pia waondoe zile khanga mbili. Siku ya kwanza kliniki mwanamke mmoja alimkodolea macho mtoto. Bibi Minza akamsogelea.

"Tazama vizuri, mwanangu," alimwambia. "Akishashonwa, hutauona tena mdomo huu."

Mwanamke yule aliona haya. Kisha akacheka, akaomba kumpakata.

Kashindye alipotimiza miezi saba, mizani ilisoma kilo sita na robo. Wiki hiyo hiyo habari zikaja kwamba madaktari wamefika Tabora.

Siku ya kuondoka Bibi aliamka mapema kuliko jogoo. Jilala vijiko vitatu. Theodora vitatu. Mwanahawa, aliyepewa ruhusa ya kuwasindikiza, naye vitatu, huku akilalamika kwamba uji wa Wanyamwezi una mchanga. Kashindye vitatu. Kisha Bibi akakifunga kijiko kwenye pindo la khanga, wakaenda kupanda treni Kaliua.

Walipofika Tabora, Jilala alifikia kwa ndugu yake katika mtaa wa Ipuli. Wanawake walipokelewa hospitalini, wodini pamoja na mtoto. Bibi Minza alisimama mlangoni mwa wodi, akastaajabu. Kulikuwa na watoto tisa wenye midomo wazi. Mwingine upande mmoja, mwingine pande zote mbili. Mama mmoja kutoka Choma, wilaya ya Igunga, aliitwa Bertila. Binti yake alikuwa na miaka sita, na alijifunika mdomo kwa kiganja kila alipoongea.

"Ninyi mlikula sungura?" Bibi alimnong'oneza Bertila.

"Sungura? Mimi hata harufu yake siijui."

Bibi alitikisa kichwa. Jiwe la mwisho la sungura yule likamtoka moyoni.

Jioni alikuja Daktari Raymundi, mpasuaji. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alimkagua Kashindye, akawachorea kwenye karatasi huku akieleza. Hiki kipande cha katikati tutakirudisha nyuma mahali pake. Huu upande wa kulia tutauunganisha nacho, na huu wa kushoto pia. Mtoto atapewa nusu kaputi, kwa hiyo hatasikia maumivu wakati wa kazi.

"Sasa hili ni kubwa kuliko yote," alisema. "Uji wa mwisho ni saa mbili usiku huu. Maziwa ya mama mwisho saa kumi na moja alfajiri. Baada ya hapo hakuna kitu kupita kinywani. Saa tatu asubuhi Kashindye anaanza safari yake."

"Tumesikia, Daktari," walijibu wote.

Na kweli Bibi Minza alisikia. Bahati mbaya neno alilolala nalo lilikuwa lile la mwisho, safari.

Asubuhi Theodora alikwenda kuoga. Kashindye alilia kwa njaa. Alimwona Bibi yake, akanyamaza, akafungua kinywa. Alizoea kwamba akimwona huyu mtu, kijiko kinakuja. Kando ya kitanda palikuwa na chupa ya uji ambayo Jilala alimletea mama yake kutoka Ipuli.

Bibi alijua sheria ya daktari. Lakini alidhani sheria ile ni ya chakula cha kushiba. Vijiko vitatu si chakula, alijiambia. Vijiko vitatu ni baraka. Mtoto huyu mdogo atakwenda peke yake mahali ambapo mimi siwezi kuingia. Aende na tumbo tupu, kama yule wa Mgunda Mkali?

Alitazama kulia na kushoto. Akamlisha kimoja, viwili, vitatu. Akakifuta kijiko, akakifunga kwenye pindo la khanga. Ilikuwa saa moja na nusu.

Theodora alirudi. "Mbona ametulia hivi?"

"Ana akili," alisema Bibi.

Saa mbili na nusu muuguzi wa wodi alipita na karatasi. "Mtoto amekula nini asubuhi hii?"

"Nimempa maziwa yangu saa kumi na moja, basi," alijibu Theodora.

Muuguzi aliandika. Bibi Minza alikaa kimya. Ghafla kile kijiko kilikuwa kizito kwenye khanga yake.

Alimvuta Mwanahawa pembeni, akachekacheka. "Mzaramo, hebu nifundishe. Hii ya kumnyima mtoto chakula ni ya nini? Tuseme mtu amelamba kidogo tu. Vijiko viwili vitatu. Vitamfanya nini?"

"Vinaweza kumuua," alisema Mwanahawa, bila utani hata kidogo. "Sisi tukilala usingizi wa kawaida, koo linalinda. Chakula kikipanda, unakohoa, unaamka. Usingizi wa dawa si hivyo. Koo nalo limelala. Uji ukipanda kutoka tumboni, unaingia mapafuni, mtoto anakosa pumzi. Ndiyo maana wanauliza mara mbili."

Bibi aligeuka. Muuguzi alikuwa tayari amembeba Kashindye, Theodora yuko nyuma yake, wanaelekea chumba cha upasuaji. Akina mama wengine walikuwa wakiwaombea heri.

Mawazo mengi yalimpita Bibi Minza kwa pamoja. Nikisema, watamkataa. Kesho madaktari wanafunga kazi, halafu tusubiri mpaka lini? Theodora hatanisamehe. Watu wote hawa watanicheka. Nikinyamaza, labda hakuna litakalotokea. Labda.

"Msimpeleke!" alipiga kelele. "Nimemlisha! Ni mimi, nimemlisha uji!"

Bibi alifungua pindo la khanga, akatoa kijiko, akakiinua watu wakione.

Theodora aliweka mikono kichwani. Jilala, aliyekuwa amefika muda huo huo, alishindwa kujizuia. "Mama! Miezi saba tumesubiri! Miezi saba!"

Daktari Raymundi aliitwa. Alikuja na kofia yake ya kijani kichwani. Bibi alisimama mbele yake, akingoja kufokewa.

"Umempa vingapi, Bibi?"

"Vitatu. Saa moja na nusu."

"Na umesema mwenyewe, bila kuulizwa?"

"Nimesema mwenyewe."

Daktari alivuta pumzi ndefu. "Bibi, kumlisha ulikosea. Kwa kusema, umemwokoa mjukuu wako. Wako watu walioona haya, wakanyamaza, na sisi tukaja kujua tumeshachelewa. Leo hafanyiwi. Binti wa Bertila ataingia badala yake."

"Na kesho?" aliuliza Theodora kwa sauti ndogo. "Si ndiyo siku ya mwisho?"

Daktari aliichukua orodha, akaisoma juu hadi chini. Kisha akaisoma tena.

"Orodha imejaa," alisema. "Tutaanza mapema. Kashindye atakuwa wa kwanza, saa moja asubuhi. Lakini nani atamlinda asilishwe tena?"

"Mimi," alisema Bibi Minza.

Watu walicheka, hata Jilala. Mwanahawa akanyakua kile kijiko mkononi mwa Bibi.

"Na hiki nimekiteka! Mtani akiteka kitu, kinakombolewa. Utakikomboa kwa jogoo, mtoto akishatoka."

"Wazaramo kwa kuku!" alisema Bibi, akijifuta machozi. "Chukua."

Theodora alikuwa amekaa kitandani, amempakata mwanawe. Bibi alikwenda akakaa kando yake. Ni Theodora aliyeanza kusema.

"Mama, ungenyamaza tu..."

"Najua, mwanangu."

"Hukunyamaza," alisema Theodora, akamshika mkono. Walikaa hivyo mpaka chakula cha mchana.

Usiku ule Bibi Minza alilinda kama alivyoahidi. Ilipofika saa ya mwisho, hata Theodora hakuruhusiwa kumpa maziwa. Asubuhi Kashindye alilia kwa njaa, akafungua kinywa kwa bibi yake. Bibi alimwonyesha viganja vyake vitupu.

"Sina kitu, mume wangu. Safari hii ni ya namna nyingine. Nenda, urudi."

Milango ikafungwa. Bibi aliketi kwenye benchi la ukumbini, asile, asinywe. Jilala alipomletea chai, aliikataa. Alisema hawezi kushiba wakati mwenzake ana njaa.

Baada ya saa mbili na nusu walimtoa. Bibi alimwinamia na kumtazama. Mdomo ulikuwa mmoja. Umevimba, una nyuzi ndogo ndogo pande mbili chini ya pua, lakini ni mmoja. Alimtazama sana. Kisha akasema jambo ambalo hata yeye hakulitarajia.

"Nitaukumbuka mdomo wake ule wa kwanza. Ndio alionichekea nao."

"Hata mimi," alisema Theodora.

Wauguzi waliwafundisha namna ya kumtunza. Mikono yake ilivishwa mirija ya kitambaa kigumu, viwiko visikunjike, asije akajikwaruza kidonda. Kidonda kilisafishwa kwa upole kila baada ya kula. Kijiko kisiguse mshono. Wakiona damu, usaha au homa, wasingoje, wamrudishe mara moja. Baada ya wiki alikaguliwa, na Daktari Raymundi akaridhika. Jogoo alifika kwa Mwanahawa akiwa amefungwa miguu, na kijiko kikarudi kwa mwenyewe.

Kazi ilikuwa bado. Kashindye alipokuwa na mwaka mmoja na nusu walirudi Tabora kufunga kaakaa. Siku ya kuondoka nyumbani Bibi aliwalisha wote kama kawaida. Lakini asubuhi ya upasuaji alikaa na chupa ya uji mwepesi mapajani, kifuniko kimekazwa. Mama mmoja mgeni alimuuliza anangoja nini.

"Nimebadilisha sheria," alisema Bibi Minza. "Anayekwenda kwenye kisu, vijiko vyake humngoja akirudi. Njaa ya asubuhi moja haijaua mtu. Uji wa wakati mbaya unaua."

Kashindye alipoamka na daktari akaruhusu, muuguzi alionya kwamba kijiko kisiingie kinywani, maana kinaweza kuchoma mshono wa ndani. Atumie kikombe. Bibi alifikiri kidogo. Akapima vijiko vitatu, akavimimina kwenye kikombe, akamnywesha.

Ilibaki sauti. Mwanzoni maneno ya Kashindye yalipitia puani, na watoto wenzake hawakumwelewa. Mtaalamu wa matamshi aliwapa mazoezi. Kila jioni Bibi na mjukuu waliketi mbele ya kioo kidogo, wakisema pa, ba, ta, ka. Bibi alisema kwa bidii kuliko mtoto. Masikio yake yalipimwa pia, kwa kuwa watoto wa hali hii huugua masikio upesi. Daktari aliwaambia mapema kwamba ufizi wake utahitaji kazi nyingine atakapofika miaka minane au tisa. Wakaiweka akilini, bila hofu.

Kashindye alipotimiza miaka mitatu na miezi kadhaa, simu ya Mwanahawa ililia asubuhi.

"Shikamoo, mpagazi. Nina kazi yako. Kijiji cha pili kuna mtoto wa wiki mbili, mdomo kama wa mumeo. Wamemfungia ndani. Bibi yake hataki kunisikia."

"Kwani wewe unamwambia nini?"

"Namwambia yote. Hanisikii, si mtani wangu. Lakini bibi mwenzake atamsikia."

"Nakuja," alisema Bibi Minza.

Alivaa khanga zake mpya. Alichukua kikombe safi, akakifunga kwenye kitambaa. Akatafuta kijiko mahali pake, hakukiona. Aligeuka, akamkuta Kashindye amesimama kizingitini, amekishika kwa mikono miwili. Mbele yake palikuwa na bakuli la uji. Theodora alikuwa nyuma ya mlango, ameziba mdomo asicheke.

"Unazuia njia, mume wangu. Nina safari."

"Bibi, kaa," alisema Kashindye.

Bibi Minza alikaa. Alikuwa amewalisha watu miaka arobaini, lakini tangu mama yake afariki, hakuna aliyewahi kumlisha yeye.

"Fungua kinywa," mtoto aliamuru.

Akafungua.

"Kimoja," alisema Kashindye, akimwaga nusu kwenye khanga mpya. "Viwili. Vitatu."

Alisema pole pole, kwa mdomo ulioungana na kaakaa lililofungwa, na kila neno lilitoka safi. Kisha akamfuta bibi yake kidevu kwa kiganja.

"Basi, Bibi. Sasa nenda. Kijiko beba, mtoto ana njaa."